Vipimo Tisini na Sita

Shule ya Msingi Nyamitaga,
Geita.
8 Julai 2024

Baba Mkubwa Donatus,

Shikamoo. Huku tuko wazima, vumbi tu ndilo linalotunyanyasa. Najua utashangaa kupata bahasha badala ya simu. Mtandao wa kijijini kwetu unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya zahanati, na juu ya jiwe hilo kuna foleni. Isitoshe, wewe mwenyewe huwa unasema ukipigiwa simu unasikia nusu ya maneno na nusu unajitungia. Kwa hiyo barua nimempa Davis, kondakta wa basi la Shinyanga, akukabidhi mkononi pale stendi.

Nina shida. Mwaka huu nimepewa darasa la tano, watoto tisini na watatu. Kila Jumatano darasa linabaki na watoto arobaini. Siku hiyo karasha zinasaga mawe yaliyotoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na watoto wanawafuata mama zao mwaloni kuosha mchanga wa dhahabu. Nimegomba, nimeita wazazi, nimechoka. Sasa Mwalimu Mkuu amenipa kipindi cha mwisho cha Jumatano nikifanyie nitakalo, mradi watoto wabaki shuleni.

Ndipo nikakukumbuka. Nilipokuwa na miaka minane ulinikalisha mkekani pale Ngokolo, ukawasha ile redio kaseti yako, ukaniambia nifumbe macho. Nilipofumbua, uji ulikuwa umepoa na mama alikuwa akiniita kwa hasira. Mpaka leo sijui nilikuwa wapi, ila najua nilitoka pale mkekani. Watoto wangu wanajua kwaya, wanajua singeli, wanajua kelele za karasha. Okestra hawajaisikia hata siku moja. Nitumie muziki wako, na uniambie naanzaje.

Nimekwisha kuwaambia kwamba baba yangu mkubwa alipiga fidla katika okestra huko Ulaya. Kwanza walicheka, kisha wakataka kujua fidla ni mnyama gani.

Msalimie sana Mama Mkubwa Dorah.

Ni mimi mwanao,
Elieth


Ngokolo, Shinyanga.
14 Julai 2024

Mwalimu Elieth, mwanangu,

Marahaba. Davis ameniletea bahasha yako ikiwa na alama ya kiatu, lakini maneno yote yamefika. Mama yako mkubwa anasema umekonda. Nilimuuliza amejuaje kwa barua, akasema mwandiko wako umekonda.

Nimezipeleka kaseti zangu kwa kijana mmoja karibu na soko kuu anayehamishia nyimbo kwenye kadi za simu. Alisikiliza kidogo akaniuliza, "Mzee, mwimbaji anaingia saa ngapi?" Nikamwambia haingii. Alinitazama kwa huruma, lakini kazi ameifanya vizuri. Ndani ya kadi hii kuna vipande vinane, nimekuandikia namba zake nyuma ya bahasha.

Sasa nisikilize. Usiwaambie majina ya watunzi. Wamekufa siku nyingi, hawataona vibaya. Usiwaambie wasikie nini. Waambie hivi tu: hapa wamekaa watu themanini, kila mmoja na chombo chake, na mbele yao amesimama mtu mmoja asiye na chombo chochote ila fimbo ndogo. Waache wabishane huyo anafanya nini pale. Kisha wafumbe macho. Muziki ukiisha, mpe kila mtoto kikaratasi ajibu swali moja: Nilikwenda wapi? Usisahihishe wala usitoe alama. Atakayeandika kwamba hakwenda kokote, mshukuru kwa kusema kweli.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi. Unajua mwaka sabini na nane nilipelekwa kule Ulaya kusomea mashine za kuchambua pamba, si muziki. Ila kiwanda nilichopangiwa kilikuwa na okestra ya wafanyakazi wake. Fundi wa boila alipiga tarumbeta, mpishi wa kantini alipiga filimbi, na jioni moja wakaniambia na wewe kaa hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, baridi ilikuwa inaniua, na nilikuwa simwelewi mtu hata mmoja. Muziki ulipoanza nilirudi nyumbani mara moja, mpaka nikasikia harufu ya pamba iliyonyeshewa.

Kuhusu habari ya fidla, usiwajaze watoto maneno mengi. Mambo ya zamani hayo.

Baba yako mkubwa,
Donatus


Shule ya Msingi Nyamitaga,
Geita.
2 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Laiti ungeona. Jumatano ya kwanza walikuwa watoto arobaini na mmoja. Sina spika, kwa hiyo nilitumbukiza simu yangu kwenye ndoo tupu ya bati, sauti ikakua. Walianza kwa kucheka ndoo. Dakika ya tatu hakuna aliyecheka. Jumatano ya pili walikuwa sitini, na juzi niliwahesabu themanini na wanane, wengine wakiwa na matope ya mwaloni miguuni, maana walikimbia kuwahi kipindi.

Nakunakilia vikaratasi vichache. Benjamini: "Nilikwenda Isaka nikaona treni ina makontena mengi lakini haina kelele." Vumilia: "Nilikwenda Chato kwa shangazi nikaingia ziwani, sikulowa." Mmoja ameandika, "Mimi nilisinzia, samahani mwalimu." Nimemshukuru kama ulivyoniagiza. Na huyu ni Ghati: "Nilishuka duarani kwa kamba ya baba. Kule chini kulikuwa kweupe."

Hicho cha Ghati nilikisoma mara tatu nikalia. Baba yake anaitwa Chacha, ametoka Tarime, kazi yake ni kushika kamba mdomoni mwa duara na kuwashusha na kuwapandisha wachimbaji. Ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mkavu, mwenye maneno machache. Sikumwonyesha.

Kuhusu yule mwenye fimbo, walibishana wiki mbili. Wakakubaliana kwamba ni kama msimamizi wa duara: hachimbi, lakini asipokuwapo watu wanaumia.

Sasa wana ombi. Wanataka uje na fidla yako. Wameniandikia orodha ya maswali, la kwanza likiwa ni je, fidla inauma shingo? Mahafali ya darasa la saba ni tarehe nne Oktoba, wazazi wote watakuwapo. Unaonaje?

Mwanao,
Elieth


Ngokolo, Shinyanga.
9 Agosti 2024

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Wabeja sana kwa vikaratasi. Nimevisoma kwa sauti, na Mama yako mkubwa ameacha kuchambua mchele ili asikilize. Huyo aliyeingia ziwani asilowe, mwambie amenishinda. Mimi nililowa kila mara.

Safari sitaiweza. Goti langu la kushoto limekataa kabisa mabasi. Na fidla unajua ilipotelea uwanja wa ndege mwaka themanini na mbili, nimekwisha kukusimulia. Waambie babu anawashukuru.

Badala yake nakupa siri. Kipande namba nne ni cha polepole, na kwenye ndoo hakitafaa, kitakufa. Kinataka spika kubwa na nafasi. Tafuta spika popote, ifungulie mpaka mwisho, uelekeze dirishani, watoto wasikie jinsi fidla nzito zinavyoingia kutoka chini. Hapo ndipo watakapojua okestra ni kitu gani.

Wako,
Donatus


Shule ya Msingi Nyamitaga,
Geita.
31 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema na nimeharibu kila kitu.

Jumatano tarehe ishirini na nane niliazima spika za mikutano ya kijiji, zile mbili ndefu zenye tairi. Nikaziweka dirishani zikitazama nje, nikafungulia namba nne mpaka mwisho. Watoto walifumba macho. Mimi pia nilifumba, na hilo ndilo kosa langu la pili.

Nilipofumbua, niliona karasha zote zimezimwa. Nyamitaga nzima ilikuwa kimya. Kisha wakaanza kuja, wachimbaji na kofia zao mkononi, na kina mama wamejifunga kanga, wengine wanalia kabisa. Wakajaa uwanjani mpaka kwenye vitalu vya maua. Mtendaji wa kijiji, Bwana Athanas, alikuwa amekwisha kushusha bendera nusu mlingoti. Mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni nani?"

Sikuelewa. Nikamuuliza nani nani. Akasema, "Aliyefariki."

Ndipo nikakumbuka. Watu wa hapa muziki wa namna hii waliusikia redioni mara moja tu, katika ule msiba wa taifa wa mwaka ishirini na moja, siku nyingi mfululizo, asubuhi mpaka jioni. Kwao fidla zikilia polepole, basi kiongozi wa nchi amekufa. Mtandao hakuna, nani angeuliza? Kijana mmoja alikwishatumwa kupanda jiwe la zahanati, na aliporudi kusema nchi nzima inaendelea na shughuli zake, kazi ilikuwa imesimama kwa saa mbili na watu waliona aibu kwa machozi yao. Mtu aliyekwisha kulia bure hasamehi upesi.

Jana kamati ya shule imekaa. Bwana Chacha alisema muziki huu ni wa matanga na hauna kazi shuleni. Nikamtetea, nikasema ni muziki wa watu walio hai, baba yangu mkubwa ameupiga kwa mikono yake. Akasema basi aje. Aje siku ya mahafali, asimame mbele ya wazazi na fidla yake, aupige tuuone. Akija, kipindi kitaendelea. Asipokuja, kadi inarudi kwako na Jumatano inakuwa ya hesabu.

Fidla nitaazima kanisani Bukombe kwa Padri, anayo moja. Kwa hiyo usiniambie habari ya uwanja wa ndege. Goti nalo tutalifunga. Njoo, Baba Mkubwa. Ghati ameniuliza kama watamfungia njia ya kule kweupe.

Mwanao,
Elieth


Ngokolo, Shinyanga.
7 Septemba 2024

Elieth,

Barua hii nimeiandika mara nne. Mama yako mkubwa anadhani ninaandika wosia.

Goti langu ni zima. Na fidla haikupotea uwanja wa ndege, kwa sababu haikuwapo. Sijapata kupiga fidla maishani mwangu.

Chombo changu kilikuwa kipande cha chuma kilichopindwa pembe tatu. Unakining'iniza kwa uzi, unakigonga kwa kijiti cha chuma, kinalia ting. Nilikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ndiyo maana baridi ilikuwa inaniua. Muziki ule unagawanywa katika vipimo, na kila kipimo kina mapigo manne. Katika kile kipande namba sita nilikaa kimya vipimo tisini na sita. Nilihesabu moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, mpaka tisini na sita, huku jasho linanitoka. Kisha nikagonga mara moja. Basi. Miaka minne.

Niliporudi mwaka themanini na mbili, babu yako alichinja mbuzi, majirani wakajaa. Wakasema tuonyeshe ulichokuwa unapiga huko kwa Wazungu. Nikatoa chuma changu, nikasimama wima, nikagonga. Wote wakasubiri. Baba akasema, "Endelea." Nikamwambia imekwisha. Elieth, walicheka mpaka mbuzi akaungua. Wiki iliyofuata nikiwa kilabuni mgeni mmoja aliniuliza, nikasema fidla. Neno lilitoka lenyewe. Baadaye nikalitengenezea sanduku, kisha uwanja wa ndege. Dorah aliolewa na mpiga fidla, na ameishi naye miaka arobaini. Wewe ulikua na baba mkubwa mpiga fidla. Nikaona nikilitoa sasa nyumba nzima itaanguka.

Nisamehe. Waambie nimeugua. Kadi ibaki kwako, usiirudishe.

Donatus


Shule ya Msingi Nyamitaga,
Geita.
14 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu. Nina hasira, na nakwambia waziwazi kwamba nina hasira. Darasa la nne nilipigana na Anisia wa Mzee Kamili kwa sababu alisema huna fidla, unatudanganya. Nilimng'oa jino, nikachapwa mbele ya shule nzima, na sikulia kwa sababu nilijua niko sahihi. Sasa naona nilipaswa kumwomba Anisia radhi miaka ishirini iliyopita.

Lakini nimekumbuka jambo. Siku ile mkekani ulinitoa pale nilipokuwa ukanipeleka nisikokujua, na mkononi hukuwa na fidla. Ulikuwa na kikombe cha chai. Nilikuona kabla sijafumba macho, ulikuwa unagusa kidole gumba kwa vidole vinne, kimoja baada ya kingine. Nilidhani ni uzee. Kumbe ulikuwa unahesabu.

Sitasema umeugua. Nimekwisha kuita watu msibani mara moja kwa bahati mbaya, siwezi kusema uongo mwingine. Jumatano iliyopita, bila muziki, nilibaki na watoto thelathini na wanane. Usipokuja, kipindi kinafungwa, hilo ni hakika. Ukija na chuma chako huenda wakakucheka, na huenda wakafunga vilevile. Lakini hilo la pili si hakika.

Davis amekuwekea kiti cha mbele, basi la Alhamisi tarehe tatu. Sitamwambia mtu yeyote habari ya fidla, hiyo ni kazi yako. Ila mwambie Mama Mkubwa kabla hujaondoka. Asisikie kwa watu.

Mwanao, bado mwanao,
Elieth


Shule ya Msingi Nyamitaga,
Geita.
6 Oktoba 2024

Bibi Dorah,

Shikamoo. Mimi ni Ghati Chacha wa darasa la tano. Hunijui. Babu Donatus ameniomba nikuandikie kwa sababu anasema siku alipoondoka alikwambia ukweli wake wote, wewe ukasema hata huo huuamini. Anataka shahidi. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Mwalimu Elieth amesahihisha herufi tu, maneno ni yangu.

Babu alikuja amevaa koti na jua lilikuwa kali. Wazazi walikuwa wengi. Baba yangu ndiye mwenyekiti, alimpa kiti lakini Babu hakukaa. Alisema hivi: "Mmeambiwa anakuja mpiga fidla. Sijapata kupiga fidla. Nimedanganya tangu mwaka themanini na mbili." Kisha akatoa soksi mfukoni, ndani ya soksi kulikuwa na chuma cha pembe tatu. Vijana wa duarani wakacheka sana. Mmoja akasema hicho ni cha kutundikia nyama. Mwalimu Elieth alikuwa anatazama chini.

Babu hakukasirika. Alimwambia mwalimu aweke namba sita. Alisema katika muziki huu kazi yake iko mbele, lazima aifikie kwa kuhesabu nne nne mpaka tisini na sita, na asiwahi wala asichelewe. Muziki ukaanza kwenye spika. Akainua chuma, akasimama.

Kwenye kumi watu walikuwa bado wanacheka. Kwenye ishirini wakaanza kupiga soga. Mtu akauliza, huyu mzee amelala?

Baba yangu hakucheka. Bibi, nikueleze kazi ya baba. Yeye ni mshika kamba. Watu wakiwa chini ya duara, kamba ikivutwa mara moja maana yake simama, mara mbili maana yake pandisha. Kwa hiyo baba akishika kamba haongei na mtu. Nikimpelekea ugali naweka chini naondoka, hata shikamoo simpi. Sasa alikuwa anamtazama Babu, mkono ulioinuliwa na midomo inayohesabu. Akasimama. Akawageukia wale vijana akasema, "Nyamazeni. Huyu mzee ana watu chini."

Wote wakanyamaza. Hata yule wa nyama.

Kuanzia hapo na mimi nilihesabu. Kwenye sitini matarumbeta yakaingia kwa nguvu, nikadhani ni sasa, Babu hakutikisika. Kwenye themanini mkono wake ulikuwa bado juu. Nikageuka nikaona watu wote midomo inacheza, wanahesabu, na mama wa Vumilia anahesabia vidole vya mtoto wake. Tisini na nne. Tisini na tano. Kwenye tisini na sita Babu akagonga.

Mara moja tu. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilipita juu ya zile nyingine zote, nikaisikia ikienda mpaka nyuma ya shule. Baada yake muziki wote ukafunguka, kama watu wanaopandishwa kutoka duarani mmoja mmoja na wote ni wazima. Babu akakaa, akafuta macho kwa ile soksi.

Baba akamuuliza, "Na ukikosea?"

Babu akasema, "Wanaharibikiwa wote themanini."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kamati ikakaa palepale kwa kusimama, haikuchukua muda. Kipindi kimerudi. Masharti ni mawili: spika zitazame ndani, na kabla ya muziki wa polepole Bwana Athanas apewe taarifa asiiguse bendera.

Basi Bibi, ni kweli. Hajui fidla lakini hicho kingine anakijua. Chuma ameniachia mimi, kiko ndani ya soksi yake. Ameniambia nisikigonge ovyo, nihesabu kwanza. Benjamini alitaka kukigonga, nimekataa.

Mjukuu wako,
Ghati


Nyamitaga.
31 Oktoba 2024

Mzee Donatus,

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni Chacha, baba yake Ghati. Kuandika si kazi yangu, utanivumilia.

Jana Jumatano nilipita shuleni kutoka duarani, nikasimama dirishani nikiwa na matope. Mwalimu akanikaribisha ndani. Nilikaa dawati la nyuma, magoti yalikataa kuingia. Watoto walikuwa tisini na mmoja, wawili wako nyumbani na malaria. Ghati alihesabu akagonga mahali pake, na mimi nilikuwa nahesabu naye, hakukosea.

Kisha mwalimu akaniuliza kama anaweza kuweka kile cha polepole. Nikasema weka.

Nikwambie kwa nini nilitaka kukifunga kipindi. Mwaka ishirini na moja, redio zikiwa zinapiga muziki ule, nililetewa habari kutoka jiwe la simu kwamba mama yangu amefariki Tarime. Nilikuwa na watu saba chini na hapakuwa na wa kunipokea kamba. Niliendelea kuishika mpaka wakatoka wote. Nilipofika nyumbani Tarime kaburi lilikuwa limefukiwa. Tangu hapo redio ikianza namna hiyo ninaizima, na siku ile ya spika nilitamani kuzivunja.

Jana sikuzima. Nilifumba macho kama walivyofumba watoto. Ulipoisha, mwalimu alinipitishia kikaratasi kama wengine, hakuniruka. Nakuandikia nilichojaza:

"Nilikwenda Tarime. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa."

Wako,
Chacha, mshika kamba